Kompyuta ya Kazi na Lawama Nilizomtwika Binti Yangu



Wiki chache zilizopita, dada mmoja wa darasa letu la kina mama aliniuliza juu ya kompyuta yangu ya kupakata, ile niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa. Binti yake amepata nafasi chuoni, naye ataka kumnunulia mfano wake. Alitaka kujua kama ni nzuri. Nilikusudia kumjibu kwa neno moja, nikashindwa, kwa kuwa jibu la kweli lina kisa ndani yake, na katika kisa hicho mwenye makosa ni mimi. Nimeona afadhali nikiandike hapa, huenda wako wazazi wengine wanaosimama mahali niliposimama.

Niliinunua mwanzoni mwa mwaka 2023 katika duka moja mjini Mombasa liuzalo kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo. Muuzaji alinieleza kwamba kuna kompyuta za nyumbani, zenye rangi na umbo la kupendeza, na kuna za kazi, zilizoundwa kwa ajili ya ofisi. Hizo za kazi nazo zina madaraja. Za juu ni nyepesi na ghali. Za chini ndizo ambazo mtu wa biashara ndogo aweza kuzimudu. Yangu ilikuwa ya daraja la chini. Nyeusi, uzito wake kama kilo mbili, haina urembo wowote. Lakini bawaba za kioo zilikuwa imara, na vitufe vya kibodi vilizama chini ya kidole kwa utulivu, kama vilivyozoea kazi. Nililipa shilingi elfu ishirini na tano, fedha za zamu yangu ya chama, nikarudi nayo Kisauni nimeipakata kifuani kama mtoto mchanga.

Kwa muda wa mwaka mzima sikuwa na la kulalamika. Mimi hushona madera na kuyauza, na kompyuta niliitaka kwa mahesabu ya biashara hiyo na kwa barua za kamati ya madrasa ya mtaani. Nilikuwa na desturi yangu: baada ya swala ya alfajiri naibonyeza iwake, kisha naenda jikoni kutenga chai. Chai ikichemka, kompyuta nayo iko tayari. Nilidhani ndivyo kompyuta zote zilivyo, kwamba ni kitu cha kusubiriwa, kama sufuria ya maharagwe.

Kisha binti yangu akaanza masomo ya stashahada ya uhasibu. Masomo mengi yalikuwa chuoni mchana, lakini siku mbili za wiki darasa lilifanyika kwa intaneti baada ya Isha. Nilifurahi kwamba kompyuta ipo na sitahitaji kununua nyingine. Haikupita miezi mitatu, zikaanza kuja habari nisizozipenda. Kazi zake zilifika zikiwa zimechelewa. Darasa la usiku aliandikwa hayuko, ilhali mimi nilimwona kwa macho yangu amekaa mezani.

Nilipomwuliza, alijibu, "Mama, kompyuta yakwama."

"Mbona mimi hainikwamii?" nikamwambia.

Aliniambia hivyo mara ya pili, na mara ya tatu, nami kila mara nilimrudishia jibu lile lile. Siku moja, mbele ya shangazi yake aliyekuwa amekuja kututembelea, nilisema kwamba watoto wa leo hawakosi kisingizio. Kwamba sisi tulisoma kwa taa ya koroboi na kazi tukazimaliza. Shangazi yake akatikisa kichwa kwa masikitiko. Binti yangu hakusema neno. Tangu siku ile hakunitajia tena habari ya kompyuta, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni kukiri kosa.

Usiku mmoja, katikati ya joto la kaskazi, nilikuwa nakunja madera katika chumba kile kile alichosomea. Niliketi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nikamtazama akiwa darasani tangu mwanzo. Alikuwa amefungua picha ya mhadhiri, maandishi ya somo, na jedwali la hesabu walilotakiwa kulijaza wakati mhadhiri akifafanua. Kompyuta ilivuma kama feni ya dari iliyolegea. Ndani yake nilisikia mkwaruzo mdogo usiokatika.

Mhadhiri akamwita jina. Binti yangu akabonyeza pa kufungulia sauti. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka juu ya kioo. Mhadhiri akamwita mara ya pili. Kiduara kikazunguka. Alipoitwa mara ya tatu, mwanangu alisema kwa sauti ya juu, "Nipo, mwalimu!" Sauti ile ilijaa chumba chetu, lakini haikuvuka kioo. Aliyeisikia ni mimi peke yangu. Mhadhiri akasema, "Hayuko. Tuendelee."

Hakugeuka kunitazama. Angegeuka, angelia, angeniambia, "Waona sasa?", ningepata la kujitetea. Aliinama tu akaendelea kunakili kwa kalamu yale aliyoweza kuyasikia.

Asubuhi yake nilimwita kijana wa jirani, ambaye kazi yake ni ufundi wa kompyuta. Alinisalimu, akaketi, akamwomba binti yangu afungue vyote anavyovifungua akiwa darasani. Kisha akatuonyesha ukurasa unaopima kazi ya mashine. Kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita memori, ilikuwa gigabaiti 4 tu, nayo ilikwisha kujaa. Diski nayo ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote bila kupumzika.

"Mama, wewe huifanyia kazi gani?" akaniuliza.

Nikamweleza: barua na mahesabu.

"Moja moja?"

"Moja moja."

Akanipa mfano ambao sijausahau. Memori, alisema, ni kama jamvi unalolitandaza jikoni unapopika biriani. Juu yake waweka kisu, vitunguu, viungo na nyama, kila unachokihitaji sasa. Diski ni stoo. Jamvi likiwa pana, kila kitu kiko karibu na mkono. Likiwa finyu, huna budi kurudisha vitunguu stoo ili upate pa kuweka nyama, kisha urudishe nyama uvifuate vitunguu. Mpishi hana uvivu wowote. Miguu yake tu ndiyo iliyomaliza usiku njiani. Na diski ya kompyuta ile ilikuwa ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka na kijisindano kinachotafuta habari juu yake, kwa hiyo hata hiyo stoo yenyewe ilikuwa mbali. Mkwaruzo niliousikia ulikuwa ni kijisindano hicho kikienda na kurudi.

Mimi nilikuwa nikipika chai. Mwanangu alikuwa akipika biriani juu ya jamvi lile lile, nami nikimwuliza kwa nini achelewa.

Fundi alipofungua mgongo wa mashine, alikuta jambo jingine. Feni na matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na vumbi na nyuzi. Nilizitambua nyuzi zile kwa rangi zake, kwa kuwa zilitoka katika madera yangu. Alitueleza kwamba joto likizidi, prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue; na sisi watu wa pwani, kwa joto letu, hatuhitaji kuongeza sababu nyingine. Alitukanya pia tusiiweke kompyuta juu ya godoro, kwa sababu nguo laini huziba mahali inapovutia hewa.

Kwa bahati njema, ndani palikuwa na nafasi moja tupu ya memori. Fundi alieleza kwamba hii ni faida mojawapo ya kompyuta nyingi za kazi: hufunguka na kuongezwa. Zipo nyembamba nyingi ambazo memori imegandishwa katika ubao wake, na ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. Tuliongeza gigabaiti 8, zikawa 12. Tuliiondoa diski ya kuzunguka, tukatia ya aina ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake. Feni ikasafishwa. Gharama zote na ufundi hazikuzidi shilingi elfu kumi.

Sasa naweza kumjibu dada yangu kwa insafu. Kompyuta hii, kama ilivyo leo, ni mtumishi mwema. Naibonyeza iwake, na kabla maji ya chai hayajaanza kutoa mvuke iko tayari. Binti yangu hufungua darasa, maandishi na jedwali kwa pamoja, na akiitwa huitika. Kibodi yake bado ni nzuri kuliko ya kompyuta yoyote ya bei yake niliyowahi kuijaribu.

Aibu zake pia nizitaje. Kioo chake kimefifia. Ukikitazama kwa upande rangi hupotea, hata watu wawili hawawezi kukitazama pamoja wakaona sawa. Ukikaa nayo barazani mchana, husomi kitu. Kamera yake huonyesha uso kama ulio nyuma ya chandarua. Betri hudumu saa mbili, basi. Stima ikikatika mapema usiku, darasa huisha kwa wasiwasi. Na uzito wake bega la msichana hulihisi akienda nayo chuoni. Haya yote twaishi nayo. Hakuna hata moja linalomfanya mtu aliyepo aandikwe hayupo.

Nimejiuliza kama muuzaji alinidanganya. Dini yetu yamtaka mfanyabiashara abainishe aibu ya bidhaa yake, na baraka ya biashara imo katika kubainisha huko. Lakini nikikumbuka vizuri, alinijibu kila nililomwuliza. Niliuliza bei, nikauliza kama ni ya kudumu. Kwa mwandishi wa barua, mashine ile haikuwa na aibu. Swali kubwa lilipaswa kuulizwa nyumbani kabla sijatoka: ni nani atakayeitumia, na kwa kazi gani? Sikuliuliza kabla ya kununua, wala sikuliuliza mwanangu alipoanza chuo.

Basi dada yangu, kabla hujatoa fedha, uliza memori ni kiasi gani na kama yaweza kuongezwa. Uliza diski ni ya aina gani. Uliza prosesa ni ya kizazi gani, kwa kuwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel hukubali rasmi takriban zile za kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Yetu ilikuwa ya kizazi cha nane, ikapita mlangoni. Za kabla yake bado zauzwa, na kwa nje hufanana nayo kama pacha. Wala usitulizwe ukiambiwa kwamba Windows 11 huhitaji gigabaiti 4 tu. Hicho ni kiwango cha chini cha kuingia, hakijahesabu mzigo utakaoubeba ukishaingia. Kisha, pale pale dukani, mpe binti yako aifungulie mambo matatu kwa pamoja, na wewe usimame nyuma yake utazame.

Somo moja alilazimika kulirudia, kwa sababu ya siku zile alizoandikwa hayuko. Memori mpya haikuweza kulirudisha, wala mimi sikuweza.

Usiku wa siku ile fundi alipomaliza kazi, tulipokwisha kuswali Isha, nilimwambia, "Mwanangu, nilikudhulumu. Uliniambia kweli mara tatu, nami nikaiita kisingizio. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mama," akasema. Akanyamaza kidogo huku akiikunja waya ya chaja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini shangazi bado ajua mimi ni mvivu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimemlaumu mbele ya mtu, na sasa nimemwomba radhi faraghani. Nikachukua simu, nikampigia shangazi yake usiku ule ule, nikamweleza yote tangu mwanzo, mwanangu akisikiliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira ya kuhakikisha kabla ya kuhukumu, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.