Nauli Yangu na Paka Nyau

Ilikuwa Jumapili, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, paka wetu Nyau aliporudi akichechemea, mguu umechanwa na seng'enge. Damu ilikuwa ikimchuruzika. Pesa zilizokuwa nyumbani ni nauli yangu tu, shilingi 300.

Nyanya, kwa huruma yake, alikuwa ameshavunja nusu ya Panadol ampe. Nilikimbia kwa jirani, ambako daktari wa mifugo alikuwa akitibu ng'ombe.

"Ati Panadol? Kimbia umwambie shosho aache! Hiyo inaua paka, hata ikiwa kidogo. Na Dettol msimpake."

Nilirudi mbio kama swara, nikampokonya nyanya ile nusu. (Sijawahi kumpokonya kitu maishani, Mungu anisamehe.)

Daktari alikuja baadaye. Tulimfunga Nyau kwa taulo, kichwa tu nje, tukakiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Akamdunga sindano. Alitaka 400, nyanya alimsihi hadi akakubali 200 na mayai kumi.

Shuleni nilifika Alhamisi. Mwalimu wa zamu aliniuliza nilikuwa wapi.

"Paka alikuwa mgonjwa, mwalimu."

Lango zima liliangua kicheko. Nilifyeka nyasi hadi jioni.