Minazi Kumi na Saba

Maji ya Mkanda hayamngojei mtu. Mlango ule mwembamba, uliobanwa na mikoko baina ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika maji yakijaa. Yakipwa, boti hukaa juu ya tope na abiria wakaanza kumlaumu nahodha. Ndiyo sababu alfajiri ile ya Februari 2020 Babu alitutoa vitandani kabla ya adhana. Nilikuwa na miaka 19 na sijapata kufika mbali zaidi ya gati la Mokowe. Sasa nilikuwa nakwenda kumwona jaji.

Tulikuwa watatu. Babu alikumbatia faili lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ule ule uliopigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, naye aliutunza kuliko hata hati iliyokuwa ndani yake. Mimi nilikuwa wa kubeba mizigo na kusoma vibao. Wa tatu alikuwa rafiki yake, mzee aliyempita kwa miaka kadhaa, ambaye tangu siku ile hatukumwita jina tena. Alikuwa Shahidi.

Shamba letu liko bara. Watu wengi wa kisiwa chetu cha Pate wana mashamba ng'ambo, na kwa miaka mingi hakuna aliyejali yanaishia wapi. Bandari ilipoanza kujengwa Kililana, kila mjukuu akakumbuka shamba la babu yake. Warithi wa jirani yetu wakaja na mpimaji, wakachomeka vigingi hatua nyingi ndani ya mpaka. Mpaka wenyewe ni mstari wa minazi, na aliyebaki hai miongoni mwa walioipanda ni Shahidi peke yake.

Ndani ya boti aliitaja yote, kumi na saba, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto wake. Huu niliuchimbia shimo mimi. Huu ulipigwa na radi ukanusurika. Huu wa tisa mbegu yake ilitoka Siyu, ndiyo maana madafu yake ni madogo. Babu alikuwa akitikisa kichwa kwa raha, maana kesi ile yote ilikuwa mle, ndani ya kichwa cha mzee mmoja mwenye kofia ya vito.

Tulilala Lamu, asubuhi tukavuka kwenda Mokowe kupanda basi. Siku hizo mabasi yaliondoka kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma. Mwanzoni mwa Januari basi lilikuwa limeshambuliwa Nyongoro na watu wakauawa, na tulipofika maeneo hayo hata waliokuwa wakila njugu waliacha kutafuna. Kila kizuizi tulishuka, tukapanga foleni na vitambulisho mkononi, tukapanda tena. Shahidi magoti yalimsumbua. Kila kushuka nilimshika mkono wa kulia na Babu wa kushoto. Kwenye kizuizi kimoja askari aliuona ule mfuko wa nailoni, akamuuliza Babu kama anajua faini yake ni milioni ngapi. Babu akamjibu kwamba anakwenda kwa jaji, amwandikie huko huko. Askari akacheka, akamrudishia.

Barabara ilikuwa bado inatiwa lami. Vumbi na kokoto kwa zamu. Pale Garsen niliuona mto Tana kwa mara ya kwanza, maji mekundu kama chai ya maziwa, nikashangaa kwamba maji matamu yanaweza kuwa mengi kiasi kile. Mji tulioshukia jioni siutaji, kwa sababu kosa la hadithi hii si lake.

Asubuhi tulifika kortini kabla ya mabawabu. Kufikia saa tatu ua ulikuwa umejaa: wazee wenye bakora, akina mama wa Kigiriama na vitambulisho vyao ndani ya leso, mawakili wenye kanzu nyeusi mkononi kama watu waliobeba nguo kutoka kwa dobi. Orodha ya kesi ilibandikwa ukutani. Nililiona jina la Babu, nikalisoma kwa sauti, naye akaniambia nilisome tena.

Kisha akatoka karani. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi. Jaji yuko kituo kingine wiki hii, alisema. Kesi zote za ardhi zitatajwa tu na kupewa tarehe nyingine.

"Mwanangu," Babu akamwambia, "sisi tumetoka Pate."

"Najua, mzee wangu. Jaji ni mmoja, na vituo ni zaidi ya kimoja."

Tulikaa chini ya mwarobaini. Wakili mmoja kijana, aliyekuwa na kesi tano siku hiyo na zote zikawa hazina mwenyewe, alitueleza mambo ambayo sisi tuliyasikia redioni bila kujua kwamba yanatuhusu. Katikati ya mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilikuwa imemaliza usaili na kupeleka kwa Rais Uhuru Kenyatta majina 41: 11 ya Mahakama ya Rufaa, 10 ya mahakama ya ajira, na 20 ya mahakama ya mazingira na ardhi. Ibara ya 166 ya Katiba inasema Rais atawateua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume. Rais alisema baadhi yao wana doa, kwa taarifa za ujasusi, na majina yakakaa. Mapema mwezi ule ule wa Februari majaji watatu wa Mahakama Kuu walikuwa wamehukumu kwamba hana hiari, awateue. Yakaendelea kukaa.

"Ishirini wa ardhi," Babu alisema. "Na hatungepata hata mmoja?"

Akauliza kwa nini Kadhi asiikate kesi hii, maana mirathi aliigawa yeye na hakuna aliyegombana. Wakili akamwambia Kadhi ana ndoa, talaka na mirathi; vigingi havimo. Babu akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ninalolikumbuka kila nisikiapo habari za uteuzi. Imamu asipofika msikitini, alisema, hatuahirishi swala. Mmoja katika safu ya mbele husogea hatua moja. Wakili akacheka, akasema hapa hata yeye, na shahada yake, akisogea hatua moja atakamatwa.

Nilimwona Shahidi akitazama mlango wa chumba cha mahakama. Alikuwa amevaa kanzu mpya.

Tulipewa tarehe ya Aprili. Machi ikaja korona, korti zikafungwa milango, na tarehe ile ikawa karatasi. Zilifuata tarehe nyingine. Nyingine tulikwenda, nyingine tulipigiwa simu tusije. Juni mwaka huo Jaji Mkuu David Maraga alisimama mbele ya waandishi kumlalamikia Rais hadharani kwa kutotii amri za mahakama. Januari 2021 akastaafu, majina bado yako pale pale. Mmoja kati ya wale 41 alikwishakufa katika ajali ya barabarani, hajaapishwa.

Juni 2021, wiki chache baada ya Martha Koome kushika ukuu wa mahakama, Rais aliwateua 34 na kuwaacha sita. Tuliwatazama wakiapishwa kwenye runinga, baraza yetu ikiwa imejaa kana kwamba ni fainali ya mpira. Vijana walibishana kuhusu wale sita, nani kamkera nani kwa hukumu gani. (Wangeapishwa Septemba 2022, siku moja baada ya William Ruto kuapishwa kuwa rais, mimi naona hilo lilionyesha kwamba kazi iliyochukua miaka mitatu ilikuwa ya asubuhi moja.) Babu hakubishana. Alikuwa akiwahesabu wa ardhi, kidole kwa kidole.

Mwaka uliofuata tulipewa tarehe ya kusikilizwa, si ya kutajwa, na tukahakikishiwa kwamba jaji yupo. Tukaondoka alfajiri, maji yamejaa, faili ndani ya mfuko ule ule. Mkanda ulikuwa shwari na ndege weupe walikuwa wamejaa juu ya mikoko. Shahidi alikaa katikati yetu, kanzu ile ile, akitazama huku na huku kwa furaha.

"Twenda wapi?" akaniuliza.

"Kortini, babu. Kwa ajili ya minazi."

Akanitazama kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mtoto.

"Minazi gani?"