Ndoo ya Asali na Hesabu za Binti Yangu

Leo nataka kuwaeleza kosa langu moja, ili mzazi mwenzangu asije akalitenda nyumbani kwake.

Mimi ni mlina asali upande wa Tabora, na mizinga nilirithi kwa baba yangu. Binti yangu alipomaliza darasa la saba alifaulu vizuri, hata hesabu, tukampeleka sekondari ya misheni. Likizo ya kwanza akarudi na ripoti yake: hisabati mbaya, fizikia mbaya zaidi. Nami, badala ya kuuliza sababu, nikacheka, nikamwambia, "Mwanangu, usijisumbue. Hesabu si za ukoo wetu. Hata mimi zilinishinda." Nilidhani namfariji. Kumbe namfungia mlango.

Mama yake ndiye aliyeuliza. Mtoto akajibu, "Mama, mambo yenyewe nayajua. Sijui yanaitwaje." Tazama basi, msomaji: kwa miaka 7 alihesabu kwa Kiswahili, akajua eneo, mzingo na ujazo. Sekondari akayakuta yote kwa Kiingereza. Swali analoliweza linampita, kwa kuwa halisomi akalielewa.

Mama yake akamnunulia daftari. Kila neno jipya aliandike kwa Kiingereza, kando yake kwa Kiswahili, na chini yake mfano wa kitu cha hapa kwetu.

Siku moja akafikia neno la fizikia lenye maana ya uzito wa kitu kwa kulinganisha na nafasi kinayojaza. Akatafuta mfano. Akaniambia, "Baba, naomba chupa ya lita moja na asali kidogo." Tukaenda dukani kwenye mizani. Akapima chupa tupu, kisha chupa yenye maji, kisha yenye asali. Maji yakawa kilo 1. Asali ikawa karibu kilo 1 na gramu 400.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba, ndoo zako za lita 20 unauza kwa kilo ngapi?"

Nikajibu, "Kilo 20. Ndivyo mnunuzi anavyosema: lita ni kilo."

"Ni kweli kwa maji, Baba. Ndoo ya asali ni kilo 28."

Wenzangu, nilikaa chini. Msimu ule nilikuwa nimeuza ndoo 6. Kilo 8 mara 6 ni kilo 48, yaani zaidi ya ndoo moja na nusu niliyotoa bure. Tena hiyo ni kwa msimu mmoja tu! Nami nilikuwa nimeuza hivyo tangu sijaoa.

Msimu uliofuata nikamwambia yule bwana tupime kwa mizani. Akakasirika, akaenda zake. Tulikaa na asali yetu wiki 3, na nyumbani palikuwa na shida. Ndipo akaja mwingine, akakubali mizani.

Tena nilikuwa nimeusingizia ukoo wangu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wazee wetu Wanyamwezi walichukua mizigo kwa miguu katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Frasila 1 ni karibu kilo 16, na wengi walibeba frasila 2. Doti ya nguo ni mikono 8. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba 1 kwa siku, na vibaba 4 ni pishi 1. Basi msafara wa watu 100 kwa siku 10 ulitaka vibaba 1,000, ndiyo pishi 250. Aliyekosea hesabu hiyo, watu walilala njaa porini. Je, hao hawakujua hesabu?

Na shuleni pia sayansi si ngeni Tabora. Mwalimu Julius Nyerere alipomaliza Makerere mwaka 1945 alikuja kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's hapa mjini, na somo lake mojawapo lilikuwa elimu ya viumbe.

Binti yangu sasa anafanya vizuri katika fizikia. Hisabati zinapanda polepole, nasi hatumkaripii.

Mzazi mwenzangu, mtoto akirudi na alama mbaya, usimwambie kwamba hesabu ni ngumu. Muulize ni neno gani lililomshinda. Mpe daftari, mpe na kibaba, kamba, ndoo na mizani ajaribu mwenyewe. Hata kama hukusoma, hayo unayaweza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi asali yangu ilipotea hivyo, na nusura niipoteze na akili ya mwanangu.