Tulikuwa Tunakwenda Kutazama

Mpaka karibu na mwisho wa 2017, mgeni aliyefanya kazi Oman hakuruhusiwa kuleta mke na watoto ila mshahara wake uwe umefika rial 600. Mume wangu alikuwa akipata 380. Ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Alitoka hoteli moja ya Nungwi akaenda Muscat baada ya Idd el Fitri ya mwaka huo huo, kwa mkataba wa miaka miwili, na habari ya sisi kumfuata haikuwahi hata kutajwa nyumbani. Yeye atafanya kazi na kuleta pesa, mimi nitaendelea kusomesha Fuoni na kulea watoto, mkataba ukiisha atarudi tumalizie nyumba. Ndivyo wafanyavyo wengi. Mara serikali ya kule ikateremsha kiwango hadi rial 300, na jambo lililokuwa haliwezekani likawa linatungoja sisi tuamue.

Wakati ule simu za WhatsApp zilikuwa zimefungwa Oman. Maandishi yalipita, ujumbe wa sauti ulipita, lakini kupigiana hakuna. Kwa hiyo safari yetu yote ilipangwa kwa vipande vya sauti vya dakika mbili mbili. Yeye alirekodi akiwa juu ya paa la jengo la watu, kompresa inanguruma nyuma yake. Mimi nasikiliza usiku watoto wakishalala, namjibu, naye ananijibu kesho yake mchana. Kwa njia hiyo hata kugombana hamuwezi. Nikituma hasira zangu saa nne za usiku, jibu linakuja siku ya pili nimeshasahau nilikasirikia nini.

Rai ilikuwa yake. "Njooni mwaka mmoja tu, mtazame. Mkataba wangu unakwisha Juni 2019. Mkipapenda nitatia saini tena, msipopapenda tutarudi sote." Binti yetu mkubwa alikuwa anakaribia miaka sita, mdogo wake hajatimiza miwili. Huyu mdogo alimjua baba yake kwenye simu tu, basi akiona kioo cha simu yoyote kinawaka, hata ya jirani, anaita "Baba!" Hilo ndilo lililonitoa kwenye maneno nikachukua daftari nikaanza kupiga hesabu.

Hesabu haikuficha kitu. Peke yake alilala kwenye nyumba ya kampuni, vitanda vinne chumba kimoja, alipanda basi la kampuni, na kila mwezi alituletea rial 200. Kwa bei ya 2018 rial moja ilikuwa karibu shilingi 5,900, kwa hiyo ni kama milioni 1.2. Tukienda sisi: kodi ya vyumba viwili upande wa Seeb rial 170, skuli pamoja na basi lake 50, chakula 80, umeme, maji na simu 25. Jumla 325. Katika 55 zinazobaki, 20 ni za mama yake na hazina mjadala. Zimebaki 35, na bado hajaumwa mtu, hakijachanika kiatu. Bima ya kampuni ilimhusu yeye pekee. Viza ya kumfuata mume haimruhusu mke kufanya kazi, maana yake na mshahara wangu wa ualimu nao unasimama.

Kwa upande wa pesa, basi, ile ilikuwa hasara tupu, na hasara yenyewe tuliijua kabla hatujakata tiketi. Tulikuwa tunanunua mwaka wa kula sahani moja. Mtaani hakuna aliyeliamini hilo. Kwao aliyekwenda Oman kakwenda kuchuma, na kabla sijapata hata viza nilikuwa na orodha ya maagizo: udi, manukato, mabuibui, simu, na mmoja alitaka mashine ya kukamulia miwa. Nilijaribu kuwaeleza watu wawili watatu, nikaonekana nina choyo, nikaacha.

Ami yake mume wangu, mzee wa Malindi ambaye historia yake yote kaisoma barazani, alicheka niliposema tunakwenda kutazama. "Mwanangu, na Seyyid Said alipofika Unguja 1828 alikuja kutazama. Mmeona yaliyofuata." Mzee hakukosea. Sultani yule wa Oman alikuja, akaondoka, mwisho akahamishia makao yake huku pamoja na watu wake. Na wimbi lilipogeuka likawarudisha wengi upande wa pili: walioondoka baada ya Januari 1964, na walioitikia wito wa Sultan Qaboos baada ya kushika nchi mwaka 1970. Ndiyo maana Muscat ya leo unaweza kununua samaki, kwenda harusini na kusutwa kwa Kiswahili bila kutafuta mkalimani. Bibi mmoja wa Seeb, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja, ndiye aliyetutafutia nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa kenda Muscat "kidogo" katika miaka ya sabini. Safari za baina ya pwani hizi mbili hazina sifa nzuri ya kurudi.

Kwa sababu hiyo nilihangaika na kurudi kuliko nilivyohangaika na kwenda.

La kwanza ni kazi. Wenzangu skulini walinishauri niondoke kimya kimya, nitume cheti cha ugonjwa, mambo yatajipanga. Mimi nilitaka karatasi yenye tarehe. Nikaomba likizo bila malipo, na barua yangu ikaanza safari yake ya mezani. Kila nikifuatilia naambiwa iko kwa mkubwa fulani, mkubwa mwenyewe yuko mkutanoni. Nilifika mahali nikajua chai ya ofisi ile inaletwa saa ngapi. Ilipotoka ikiwa na mhuri nilitoa nakala tano, moja nikampa mwalimu mkuu mkononi nikamwomba aisome mbele yangu.

La pili ni nyumba. Tulikuwa na vyumba vitatu, kimoja hakijapigwa plasta. Kupangisha kungetupatia pesa, lakini mpangaji wa Fuoni hulipa kwa miezi sita au mwaka, na kumtoa kabla ya wakati ni kesi. Kuifunga ni kuwakaribisha mchwa na unyevu. Mama mkwe alikuwa na kipimo chake: "Ukisikia wamehama jirani zako, uliza kama wameuza kitanda. Kama kitanda kipo, hao hawajahama." Hatukuuza kitanda. Tulikiingiza kwenye chumba kisicho na plasta pamoja na kabati, cherehani na sufuria za shughuli, tukatia kufuli, na vyumba viwili tukampa mpwa wangu aliyekuwa anasoma chuo kikuu, akae bure, alipe umeme, aondoke tukirudi. Hilo la kuondoka tulimwandikisha. Alitia saini huku anacheka.

La tatu lilinishtua mimi niliyejidai hodari wa hesabu. Mtoto chini ya miaka miwili hupakatwa na mzazi kwenye ndege na hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli. Mdogo wetu angetimiza miaka miwili Novemba. Tukiondoka Agosti anapanda mapajani mwangu karibu na bure; tukirudi Juni anahitaji kiti chake na nauli yake ya mtoto. Kurudi kulikuwa ghali kuliko kwenda! Tiketi ya mume ilikuwa juu ya mwajiri mkataba ukimalizika, lakini ya kwangu na ya watoto ilikuwa juu yetu. Nikauza mkufu mmoja, nikanunua dola, nikampa dada yangu mkubwa na sharti: hata mimi mwenyewe nikimtumia sauti ninalia, asizitoe ila kwa tiketi za kurudi. Dada yangu ana sifa ya ubahili na kwa mara ya kwanza sifa hiyo ilinifaa.

Karatasi nazo. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kila kimoja kitafsiriwe Kiarabu, kipigwe mhuri na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha kithibitishwe na Waomani wenyewe. Nilikuwa nimeshajipongeza pale kijana wa dirishani alipoweka cheti na pasipoti sambamba, akaweka kidole juu ya herufi moja. Kwenye cheti cha mtoto mkubwa baba ni Mohammed, m mbili. Kwenye pasipoti ya baba ni Mohamed, m moja. "Huyu na huyu ni mtu mmoja?" Nikamwambia ndiyo, na ni mume wangu. "Najua, mwalimu. Lakini mashine haijui." Alikuwa na adabu na hakunisaidia chochote. Kiapo, ada, cheti kipya, tafsiri mpya. Mhuri wa kwanza ulikuwa umeshalipiwa, na pesa ya mhuri hairudi.

Skuli ilitutoa jasho kwa sababu ya kalenda. Huku mwaka unaanza Januari. Skuli za serikali za kule huanza Septemba na husomesha kwa Kiarabu, nazo skuli za Kihindi, ambazo ndizo tulizozimudu, huanza Aprili. Ukimchukua mtoto Agosti unamtoa katikati ya mwaka wake, unamwingiza katikati ya mwaka wa wenziwe. Ukimrudisha Juni unafanya hivyo hivyo kinyumenyume. Binti yangu alikuwa anazijua herufi za Kiarabu kutoka chuo cha Kurani, juzuu lake la kwanza alilimaliza vizuri, lakini kuomba maji kwa Kiarabu hakuweza. Tukachagua ya Kihindi, Kiingereza chake kingemfaa popote, na mimi nikanunua vitabu vyote vya darasa la kwanza vya huku nikavitia kwenye sanduku langu. Kilo zilizokwenda kwa vitabu zilipunguzwa kwenye nguo zangu. Sikujuta, maana kule nilikuwa nikivaa buibui kila siku.

Ramadhani ikapita, tukawa tunahesabu wiki, ndipo ilipokuja habari ya Quriyat. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji huo wa pwani kusini mashariki ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana na usiku. Dunia nzima iliitangaza, na mama mkwe akaisikia redioni kabla yangu. Alikuja kwangu asubuhi hajanywa chai. Mtoto mkubwa ana pumu, na kwa bibi yake neno joto na neno pumu hayakai nyumba moja. Nilimrekodia mume wangu, nikamwachia mama aseme mwenyewe. Alisema dakika nne, kwa utulivu uliotutisha zaidi kuliko makelele. Jibu lilikuja usiku: "Mama, Quriyat si Seeb, na Agosti inapoisha joto linaanza kuteremka. Halafu nyumba hii ina fundi wa viyoyozi ndani." Mama hakucheka. Aliuliza umeme wa hicho kiyoyozi nimeuandika rial ngapi. Nikafungua daftari, nikaongeza.

Siku hiyo ndipo nilipoandika masharti, nyuma ya ukurasa wa hesabu, kwa sababu niliona tusipoyaandika kila mtu atakumbuka yake. Mtoto akilazwa kwa pumu zaidi ya mara moja, tunarudi. Mshahara ukichelewa miezi miwili mfululizo, tunarudi. Hili la pili halikuwa la kubuni. Bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka tangu 2014, kampuni ndogo ndogo zilikuwa zinayumba, na fundi hakuwa na uhuru wa kumwacha kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akaenda kwa mwengine. Alihitaji barua ya ridhaa, wenyewe wanaiita NOC. Bila hiyo, akitoka ni miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kurudi Oman kufanya kazi. Kampuni ikianguka na mkubwa wake akikataa kutia saini, tungekuwa familia nzima ugenini bila mshahara. La tatu lilikuwa tarehe: barua yangu ya likizo haiongezwi. Nilimsomea yote kwa sauti, akajibu neno moja, "Sawa," na kompresa ikanguruma mpaka mwisho wa rekodi.

Tuliondoka wiki moja baada ya Idd el Hajj, Agosti 2018. Mdogo alikaa mapajani mwangu saa tano na zaidi, akaninyunyizia juisi mpaka kwenye ushungi.

Mwaka wenyewe ni habari nyengine. Hapa nitasema tu kwamba hakuna sharti hata moja lililotimia. Mtoto hakulazwa. Mshahara ulichelewa, ila haukufika miezi miwili. Na aliyetaka kubaki ilipofika Mei alikuwa mimi: nilikuwa nimeshazoea jioni za Seeb, nimepata marafiki, na bibi yule wa Ng'ambo alikuwa amenifanya mwanawe. Mume wangu ndiye aliyekataa. Kampuni ilimletea mkataba mpya wenye 380 zile zile, akauweka mezani karibu na daftari, akanionyesha zile 35 ambazo kwa mwaka mzima hazikuwahi kubaki hata mwezi mmoja. Tukamwandikia dada, akatoa dola zake zikiwa zimefungwa kwa mpira vile vile nilivyomkabidhi. Mpwa alichukua mpaka Agosti kuhama, saini na kicheko chake vyote havikusaidia.

Mwalimu mwenzangu sasa anajipanga kumfuata mumewe huko huko na kaniomba daftari. Nimempa, lakini nimemwambia asizibebe tarakimu zangu kama zilivyo. NOC imeondolewa tangu Januari 2021, hilo ni jema kwao. Aprili ya mwaka huo huo ikaja kodi ya asilimia 5 kwenye manunuzi, aiongeze. Kodi ya nyumba na ada ya skuli aulize upya, kwa mtu anayeishi huko leo. Na kwa vile mtoto wake wa mwisho ana mwaka na miezi saba, kabla ya chochote atoe cheti cha kuzaliwa aisome tarehe, aone kama atarudi naye mapajani au kwenye kiti.