Mtoto Ndani ya Jicho

Neno moja laweza kuwa na maana nyingi. Mtu akisema «kaa», labda anataka mwenzake aketi. Labda amemwona kaa wa mtoni. Labda anaomba kaa la moto. Asikiaye hutafuta maana katika maneno yaliyo kando yake.

Lugha ya Kiingereza nayo ni vile vile. Siku moja mtoto mmoja alisoma katika kitabu cha Kiingereza neno «pupil». Alijua kwamba maana yake ni mwanafunzi. Lakini kitabu kilisema kwamba katika jua kali pupil huwa mdogo, na gizani huwa mkubwa. Akauliza kwa sauti: «Mwanafunzi gani hupungua juani?» Wenzake wakacheka sana. Yeye akaona haya, akafunga kitabu.

Mwalimu hakucheka. Akamwita karibu, akamwambia: «Nitazame jichoni. Waona nini?»

Mtoto akatazama. «Namwona mtoto mdogo sana, Bwana Mwalimu. Kumbe, ni mimi!»

«Vema. Waroma wa zamani waliona vile vile. Katika Kilatini, pupa ni msichana, tena ni mwanasesere. Neno la Kifaransa poupée latoka huko. Basi, kile kitundu cheusi cha katikati ya jicho wakakiita pupilla, ni kusema mwanasesere mdogo, kwa sababu ya sura ndogo ionekanayo pale. Ndiyo mboni. Hujifinya penye mwanga mkali. Gizani hufunguka, ipate mwanga wa kutosha.»

«Na mwanafunzi je?»

«Waroma walikuwa na neno pupillus, au pupilla kwa msichana. Ndilo jina la yatima ambaye bado ni mtoto. Mtu aliyemlinda yatima huyo pamoja na mali yake aliitwa tutor, ni kusema mlinzi. Waingereza waliyapokea majina yote mawili. Kwanza pupil alikuwa yatima mwenye mlinzi. Baadaye akawa mwanafunzi. Na tutor, siku hizi, ni mwalimu.»

Mtoto akafikiri kidogo, akauliza: «Basi, mwalimu ni mlinzi?»

«Ndiyo sababu sikucheka,» akajibu Mwalimu.

Mtoto akarudi mahali pake. Akafungua kitabu tena, akasoma mpaka mwisho wa ukurasa, na hakuna aliyemcheka.