Sauti ya Pili

Barabara itokayo kivukoni Likoni kuelekea Diani hupita Shika Adabu, na kwa miaka mingi magari ya hoteli yalipita hapo yakiwa yamejaa watalii. Watoto wa mtaani walijua la kufanya: kupunga mkono na kupaza sauti, "Jambo!" Mmoja wao alikua, akaenda chuo kikuu kusoma Kiswahili, na huko akaanza kuionea haya salamu hiyo. Nyumbani kwao watu huulizana "hujambo" wakajibiwa "sijambo", na mkubwa hupewa shikamoo yake. Mtaa uitwao Shika Adabu, aliwaza, ulikuwa umewazoeza watoto wake salamu isiyo na adabu.

Likizoni alimkuta mjomba wake barazani, redio inaimba "Jambo Bwana". Mjomba alikuwa amepiga gitaa katika hoteli za Diani hadi vidole vikakakamaa.

"Huo si Kiswahili, Mjomba. Ni maneno ya kuuzia wageni."

Mjomba akapunguza redio. "Kweli, mwanangu. Na ndiyo yaliyokulipia karo."

Hapana shaka kijana alikuwa na hoja. Them Mushrooms, bendi iliyoundwa Mombasa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison, ilianzia kwenye rege, ikatafuta riziki katika hoteli za ufuoni. Wimbo huo wa Teddy Kalanda Harrison, uliotolewa 1982, ni orodha ya salamu na makaribisho ambayo mgeni aweza kuikariri kabla ya kumaliza kinywaji chake. Ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000. Mwaka 1983 Boney M. wakauimba kwa namna yao huko Ulaya. Sauti zote zinaingia pamoja, zinatabasamu pamoja, na hakuna aliye na siri.

Bendi ingeweza kubaki hapo na kuzeeka ikiwaamkia watalii. Haikubaki. Mwaka 1987 ilihamia Nairobi, na la ajabu ni kwamba ilipokuwa mbali na pwani ndipo ilipozidi kuisikiliza pwani. Iliuchukua mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake wa harusini. Ilimwendea Fundi Konde, mpiga gitaa aliyekuwa amewatumbuiza askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikashirikiana naye katika nyimbo ambazo vijana wengi walizijua kwa jina tu. (Neno lililomkera kijana wetu, kwa njia, limo pia katika jina la wimbo mmoja wa Konde, "Jambo Sigara". Madai kwamba hoteli ndizo zilizolizua yanahitaji kupimwa upya.)

Kisha wakaja kwa Malika, mwimbaji wa taarab. Katika "Vidonge" bendi haiongozi. Inakaa nyuma ya mwanamke mwenye kijembe kinywani, inampa nafasi amalize neno lake, ndipo inapojibu. Utamu wa sauti ni uleule wa ufuoni, ila sasa una mtu wa kumtumikia. Wapo wahakiki wanaodhani msanii hukomaa kwa kuutupa utamu wake wa ujanani. Mfano huu hauwaungi mkono. Wale ndugu hawakuacha kupatanisha sauti. Walijifunza ni lini wanyamaze.

Kijana hakuyajua haya yote jioni ile. Alichojua ni kwamba amemuumiza mzee, na kwamba kuomba radhi kwa maneno kungekuwa hotuba nyingine. Mjomba akalitoa gitaa, nyuzi tano, wa sita ulikatika zamani. Akaanza wimbo uleule. Kijana akajiunga, kwa sauti kubwa.

"Si hapo," mjomba akasema bila kusimama. "Hiyo ya kwanza ina mwenyewe. Shika ya pili."

Akaikosa. Akaikosa tena. Mara ya tatu jirani mmoja, asiyeonekana, akaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta.