Chombo cha Mjukuu Wangu

Kosa nitakalolieleza hapa ni langu mwenyewe, na nalieleza ili mzazi mwenzangu asije akalirudia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu. Alasiri moja nilitoka msikitini nikamkuta mjukuu wangu, mtoto wa darasa la nne, amechutama uani kando ya beseni la maji. Daftari lake la sayansi liko chini, limerowa. Mkononi ana kijahazi alichokichonga mwenyewe, chenye mlingoti, foromali na tanga la kanga kuukuu. Hasira zikanipanda. Nikamnyang'anya, nikauvunja mlingoti, nikamwambia: "Mtihani umekaribia nawe wacheza!" Mtoto hakujibu. Aliokota vipande vyake akaingia ndani. Siku tatu hakuja kunibusu mkono ila kwa kuagizwa na mamake.

Siku ya nne nililifungua lile daftari, nikitaraji kuona uchafu. Nikakuta picha za chombo, na kando yake maandishi: misumari miwili, kimelala; minne, kimesimama; saba, kimezama.

Ndugu msomaji, nilitahayari. Mtoto alikuwa akitafuta farumi. Chombo chake kilikuwa na mlingoti mrefu na tumbo jepesi, kila kikipulizwa kinapinduka. Basi akafunga misumari chini ya mkuku, akiongeza na kupunguza, hata akajua kuwa uzito mdogo haufai na mwingi huzamisha. Jambo hilo mafundi wa majahazi wa Matondoni hulijua, na nahodha asiye na shehena hulijua apakiapo mawe au mchanga kabla ya kutweka. Nami miaka yote hiyo nilifundisha kuelea na kuzama kwa chaki. Wanafunzi walinakili, wakafaulu. Sikumbuki hata siku moja niliyoleta beseni darasani.

Ni nani aliyetufunza kuwa kazi ya mikono ni ya walioshindwa na masomo? Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, hakuteremshiwa safina iliyokwisha tengenezwa, aliamrishwa aiunde. Nabii Daudi alifundishwa kutengeneza nguo za vita za chuma. Na al-Jazari, aliyekuwa mhandisi wa watawala wa Diyarbakir, mwaka 1206 alikamilisha kitabu cha saa na mitambo ya kupandisha maji, akaeleza kila kipande kinavyoundwa ili atakaye naye aweze kuunda. Mtu huyo hakuona aibu kushika nyundo.

Hapa Kenya shule zetu zimejaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta kazi za mikono, na mtaala wa umilisi, uliopelekwa nchi nzima kuanzia madarasa ya chini mwaka 2019, wamtaka mtoto atende, si akariri tu. Lakini shule ikijenga na nyumba ikivunja milingoti, faida iko wapi?

Wazee walisema, mtoto akililia wembe mpe. Mimi nasema, mpe, kisha keti naye. Mpe kifuu, uzi, misumari na beseni la maji, awe mwana wa kiume au wa kike. Chombo kikipinduka usimwambie sababu. Muulize yeye aonaje. Sala isimpite na daftari lisirowe, lakini mikono yake usiifunge.

Nilimwita mjukuu wangu nikamwambia, "Nisamehe, babu yako nimekosa." Alinitazama, kisha akaleta kile chombo, na mlingoti mpya mfupi.

"Babu," akasema, "ule wa kwanza ulikuwa mrefu mno. Nilikuwa nataka kuukata."

Tukaenda pamoja kujaza beseni.